Beseni la Kuonja

Kuna watu wakiamka hunawa uso kwanza. Mzee Boflo akiamka alionja kwanza.

Alikuwa mwokaji mikate. Boflo ni mkate mrefu, mnene katikati, na watu walimpa jina hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliupika vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Ya pili, simama pembeni umtazame ubavuni, utaiona mwenyewe.

Kila alfajiri shemeji yake alikanda unga. Huyu shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa maneno machache na mikono minene. Akimaliza kukanda alisema, "Tayari, shemeji."

Mzee Boflo alimega donge la unga mbichi, akalitia mdomoni, akafumba macho.

"Chumvi haijakolea. Ongeza kidogo."

Shemeji aliongeza. Mzee Boflo akamega tena.

"Hapo sawa."

Kisha alimega mara ya tatu, ili ahakikishe kwamba ile sawa ni sawa kweli.

Mizani hakuwa nayo. "Mizani ni ya muuza misumari," alikuwa akisema. "Mwokaji ana ulimi."

Mikate ikianza kutoka tanurini, kazi ya ulimi iliendelea. Trei ya kwanza aliionja kuona kama imeiva ndani. Trei ya pili aliionja kuona kama inafanana na ya kwanza. Mkate uliovunjika aliuonja kwa huruma, maana nani angeununua?

Halafu dirisha la duka lilifunguliwa. Nje foleni ilikuwa imeshajipanga, na kila mtu alikuwa akisubiri jambo moja. Zamani, enzi za baba yake Mzee Boflo, ulienea uvumi kwamba mtaani kuna unga mbovu. Baba yake alisimama dirishani, akakata ncha ya mkate wa kwanza, akaila mbele ya watu wote. Tangu hapo ikawa desturi. Hakuna aliyeuziwa mkate kabla mwokaji mwenyewe hajala ncha. Mzee Boflo aliirithi desturi hiyo kwa moyo mkunjufu. Aliipaka ncha siagi, tena si haba, akaila taratibu, akafuta mdomo na kusema, "Karibuni!" Ndipo foleni iliposogea.

Mkewe alikaa kaunta tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo watu walimwita Mama Kaunta. Hakuna kilichompita. Alijua nani kanunua nini, nani hasemi na nani, na nani kafua shuka siku ambayo si ya kufua.

Mama Kaunta alijua pia kwamba mumewe ana kisukari. Lakini hilo alilijua yeye na shemeji tu. Mzee Boflo hakutaka litoke nje. Aliona haya. Mwokaji mwenye ugonjwa wa sukari, watu watasema nini? Alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, akaacha sukari kwenye chai, akaacha soda na keki.

"Mimi vitamu nimevipa talaka," alijigamba. "Talaka tatu. Harudi mtu hapa."

Na kwa kuwa alikuwa ameacha vitamu, aliona mambo yake yamenyooka.

Asubuhi moja alikuwa akichochea makaa ya tanuri, miguuni amevaa ndara kama kawaida yake. Mara akanusa.

"Shemeji!" akaita. "Unachoma nyama saa hizi?"

"Nyama gani? Mimi nakanda."

"Mbona nasikia harufu ya nyama inaungua?"

Shemeji aliinua kichwa. Akatazama huku, akatazama huku. Macho yakamtoka.

"Mguu wako huo, shemeji! Mguu!"

Kaa la moto lilikuwa limekaa juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia, limetulia utadhani limealikwa. Mzee Boflo aliruka. Lakini aliruka kwa kuliona, si kwa kulihisi. Maumivu hayakuwapo hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Alikifunga kidole kwa kitambaa, akamwomba shemeji anyamaze, akajikaza kisabuni. Siku zikapita, kidonda hakikukauka. Kilikuwa kibichi, kisha kikaanza kunuka. Siku Mama Kaunta alipokutana na kile kitambaa kwenye nguo za kufua, hakuuliza maswali mengi. Alifunga kaunta, akamshika mumewe mkono na kumpeleka zahanati kama mtoto aliyetoroka shule.

Nesi wa zahanati alikuwa jirani yao. Kila jioni alipita dukani kununua boflo moja. Alimtoboa Mzee Boflo kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakitazama mara mbili.

"Mzee wangu, sukari imepanda sana. Unakula nini?"

"Vitamu sili."

"Sikuuliza usichokula. Nimeuliza unachokula."

"Nakula kawaida. Mkate, wali, viazi. Vyakula vya watu wazima."

Daktari alikuja kukitazama kidonda. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyejua kuzungusha maneno.

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu," alisema. "Ndiyo maana kaa la moto hukulisikia. Tena inafanya kidonda kisipone upesi. Tutakisafisha na utapata dawa yake. Lakini sukari lazima ishuke. Isiposhuka, na kidonda kikizidi, tutakata kidole hiki. Tukichelewa sana tutakata zaidi ya kidole."

Mzee Boflo alikitazama kidole chake. Miaka yote hiyo hakuwahi kukijali. Leo alikiona ni kidole kizuri kabisa, kimeumbika, hakina makosa. Akawaza tanuri. Mwokaji husimama tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Atasimama na nini? Aliogopa kweli.

"Nifanye nini, daktari?"

"Nesi atakueleza kuhusu chakula. Msikilize."

Nesi akavuta kiti. "Kitu cha kwanza cha kupunguza ni mkate."

"Mkate!" Mzee Boflo alitaka kusimama. "Nesi, mkate wangu mimi nautia chumvi! Hauna sukari hata chembe. Wewe mwenyewe unaula!"

"Naujua, na ni mtamu. Lakini unga ni wanga. Wanga ukishafika tumboni unageuka sukari, uwe umetiwa chumvi au umetiwa pilipili. Tumbo haliulizi. Mkate ni wanga. Wali ni wanga. Viazi, tambi, mahindi, vyote wanga. Mwili wako umeshindwa kuitumia sukari yote hiyo, kwa hiyo inazurura kwenye damu na kuharibu."

"Sasa ale nini?" aliuliza Mama Kaunta. "Hewa?"

"Ale ashibe, mama. Mayai, samaki, kuku, nyama. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Kabichi, biringanya, matango, nyanya. Parachichi. Karanga kiganja kimoja. Maharage kidogo. Matunda ale vipande vichache, juisi asinywe. Wanga uwe kidogo sana, tena wa kupimwa. Sukari itashuka, na hili tumbo nalo litapungua."

Daktari aligeuka mlangoni. "Jambo moja kubwa. Punguza wanga pole pole, na uje tukupime kila wiki. Vidonge unavyomeza vimepimwa kwa mtu anayekula wanga mwingi. Sukari ikianza kushuka, sisi tutapunguza vidonge. Usipunguze mwenyewe. Na usiache wanga wote ghafla huku unameza vidonge vile vile, maana sukari itashuka kupita kiasi. Utatetemeka, utatoka jasho, kichwa kitachanganyikiwa. Ikitokea hivyo, kunywa maji yenye sukari upesi."

"Na ndara uziache," akaongeza nesi. "Vaa viatu vya kufunika vidole. Kila siku uikague miguu yako."

"Nimesikia," alisema Mzee Boflo. Na kweli, kusikia alisikia.

Nyumbani mambo yakabadilika siku hiyo hiyo. Mama Kaunta alipiga mkate marufuku mezani. Asubuhi ilikuwa mayai na mboga, mchana samaki na kabichi, jioni kuku na matango. Mzee Boflo alikula bila kulalamika, jambo ambalo lingemshtua mkewe kama asingekuwa na furaha nyingi. Alidhani mumewe amekubali. Hata alimsifu mbele ya mdogo wake.

Siku ya kupima, Mzee Boflo aliingia zahanati kifua mbele. Nesi akapima. Sukari ilikuwa pale pale. Akampandisha kwenye mizani ya uzito. Mzito vile vile.

"Umekula mkate," alisema nesi.

"Sijakula!"

"Hajala," alisema Mama Kaunta. "Mimi ni shahidi. Mkate hauingii nyumbani kwangu."

Nesi alimtazama Mzee Boflo usoni. Akasogea karibu. "Na huo unga kwenye masharubu ni wa nini?"

Mzee Boflo alijifuta. "Aa, huo ni wa kazi."

"Kazi gani inayopita mdomoni?"

"Kuonja."

"Unaonja sana?"

"Inategemea. Lakini kuonja si kula, Nesi, usichanganye mambo. Mtu akila anakaa. Anatumia sahani. Mimi naonja nimesimama."

Mama Kaunta alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kesho asubuhi siko zamu," alisema nesi mwishowe. "Nitakuja kazini kwako na beseni."

Na kweli alikuja, na beseni la plastiki la kuogeshea mtoto. Aliliweka juu ya meza ya kukandia, akakaa juu ya gunia la unga.

"Leo fanya kazi kama kawaida," alisema. "Kila kipande unachotaka kuonja, usitie mdomoni. Tia humu. Shemeji ndiye ataonja, kipande kidogo, mara moja."

"Hilo ndilo jambo la kuamkia alfajiri?" alicheka Mzee Boflo. "Litabaki tupu hilo."

Shemeji akasema, "Tayari." Mzee Boflo akamega. Mkono ulikuwa umeshafika mdomoni nesi alipokohoa. Donge likaenda kwenye beseni. Shemeji akaongeza chumvi. Mzee Boflo akamega. Nesi akakohoa. Akamega la tatu, la kuhakikisha.

Trei ya kwanza ikatoka. Kipande cha kuangalia ndani. Kipande cha kuangalia ganda. Trei ya pili, kipande cha kulinganisha na ya kwanza, na kingine cha ile ya kwanza, maana utalinganishaje na kitu ambacho ladha yake umeisahau? Mkate ukavunjika. Huruma ikamshika, nusu nzima ikaingia beseni. Mkono wa Mzee Boflo ulikuwa na akili zake wenyewe. Kila alipopita mezani ulinyofoa kitu, na nesi alikohoa mpaka shemeji akamletea maji.

Hata ncha ya siagi ilienda kwenye beseni siku hiyo. Mzee Boflo aligeuza mgongo dirishani akajifanya anatafuna, na foleni haikugundua.

Kabla ya adhuhuri beseni lilijaa. Yale madonge mabichi yalikuwa na hamira, na hapo karibu na tanuri palikuwa na joto. Yakaanza kuumuka. Yalijiinua taratibu, yakavisukuma vipande vya mkate juu, yakaanza kuchungulia nje ya beseni.

"Shemeji," alisema shemeji, "nilete beseni jingine?"

Mama Kaunta aliingia kuchukua trei. Akasimama. "Hiki nini?"

"Hiyo ndiyo kuonja," alisema nesi.

"Kwa mwezi mzima?"

"Asubuhi ya leo."

Mama Kaunta aliweka mikono kiunoni, na waliomjua walijua kinachofuata. "Baba wewe! Mimi nakukaangia mayai, nakuchambulia mboga, mimi mwenyewe mkate nimeuacha ili usione wivu! Kumbe wewe huku unakula tanuri zima umesimama?"

Mzee Boflo alilitazama beseni, nalo likazidi kuumuka mbele ya macho yake bila aibu. Alitaka kusema kwamba hii ni kazi, kwamba ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Lakini alikiwaza kile kidole ndani ya bandeji, akaona haya, safari hii haya ya kweli.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeacha. Kuanzia sasa hivi."

"Pole pole," alisema nesi. "Kesho kutwa uje upimwe, tuone vidonge..."

Lakini Mzee Boflo alikuwa mtu wa mambo makubwa. Akila anakula, akiacha anaacha. Jioni hiyo alikula mboga za majani peke yake. Asubuhi aliondoka kabla mkewe hajakaanga yai, akameza vidonge vyake vyote kwa maji matupu. Kazini hakuonja hata chembe. Alijiona shujaa.

Dirisha likafunguliwa. Mbele ya foleni alisimama fundi viatu, nyuma yake mwanamke fundi cherehani, kisha mwalimu mstaafu. Mzee Boflo alikata ncha. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Karibuni!"

Hakuna aliyesogea.

"Hujala," alisema fundi viatu.

"Nimeshiba."

"Umeshiba? Wewe?"

Foleni ikaanza kunong'ona. Fundi cherehani akashika kidevu. "Unga una nini leo?"

"Unga hauna kitu." Mzee Boflo alijifuta jasho. Lilikuwa linamtoka usoni na shingoni, ingawa alikuwa amesimama mbali na tanuri. Mikono ilianza kutetemeka. Aligeukia gunia la unga lililoegemea ukuta na kulikaripia. "Wewe mnene! Kila siku unachomekea. Kapange foleni kama wenzako!"

Watu wakacheka. Walidhani ni vituko vyake. Kisha akamgeukia mkewe, akamwinamia kwa adabu. "Karibu, mama. Wewe mgeni hapa, eti?"

Mama Kaunta alitaka kumtolea uvivu. Miaka yote ya ndoa, leo mgeni? Lakini aliliona lile jasho, akaiona ile mikono inavyotetemeka, maneno ya daktari yakamrudia yote. Alichota sukari vijiko vitatu, akakoroga kwenye maji, akampelekea kikombe mdomoni.

"Kunywa."

"Vitamu nimevipa talaka."

"Kunywa kabla sijakumwagia!"

Alikunywa. Shemeji alikuwa ameshatoka mbio kumwita nesi, mikono imejaa unga. Waliporudi, Mzee Boflo alikuwa ameketi sakafuni, kichwa begani kwa mkewe, anauliza kwa nini kila mtu anamtazama.

Nesi alipima. "Ilikuwa imeshuka sana, sasa inapanda. Umefanya vizuri, Mama Kaunta. Alikuwa macho na anaweza kumeza. Angekuwa amezimia, usingemtia kitu mdomoni. Ungemkimbiza zahanati." Akamgeukia mgonjwa. "Nilisema nini kuhusu pole pole?"

"Ulisema pole pole."

Vichwa vilikuwa vimejazana dirishani. "Amekula nini?" aliuliza mtu wa nyuma. "Amekula mkate," alijibu mwingine. "Hapana, ameukataa. Anajua alichotia!" Watu wa mwisho walishaanza kuondoka.

Mzee Boflo aliyasikia hayo, akashika meza na kusimama. Mama Kaunta alimshika kiuno.

"Rudini," alisema. "Mkate hauna kitu. Mwenye kitu ni mimi. Nina kisukari."

Waliokuwa wakiondoka wakarudi.

"Nimewaficha kwa sababu niliona haya. Mguuni nina kidonda. Daktari amesema sukari isiposhuka, kidole kinakatwa, na huenda mguu ukafuata. Mimi bila miguu nitaoka vipi? Na hii ncha ninayokula mbele yenu kila asubuhi, na mengine ninayoyaonja huku ndani, ndiyo yanayokula mguu wangu. Siwezi tena. Msinilazimishe."

Fundi cherehani ndiye aliyejibu kwanza, tena kwa hasira. "Sasa si ungesema! Tumekulisha ugonjwa hapa dirishani, tunakushangilia! Ungekufa ungetuachia dhambi?"

"Pole sana, Mzee," alisema mwalimu mstaafu. Kisha akashusha sauti akamwita nesi pembeni. "Hivi, mtu akiwa na kiu isiyoisha, na usiku anaamka kukojoa kila saa, hiyo ni nini?"

"Mtu huyo ni wewe, mwalimu?"

"Ni rafiki yangu."

"Mwambie rafiki yako aje zahanati leo, apimwe."

Fundi viatu alikuwa bado ameikazia macho kaunta. "Mimi nina swali moja. Hii ncha sasa ataila nani?"

Hapo palizuka ugomvi wa kweli. Fundi viatu alisema ni haki ya aliyefika wa kwanza. Wa nyuma wakasema huo ni ubaguzi. Mama Kaunta akakata shauri: ataila wa kwanza kwenye foleni, na atasimama dirishani wote wamwone. Kuanzia siku ile watu waliamka mapema kuliko waokaji.

Mchana Mzee Boflo alikwenda zahanati. Daktari alimpunguzia vidonge na kumwandikia namna ya kupunguza wanga kidogo kidogo. Safari hii hakusikia tu, alifuata. Alinunua mizani, akapima chumvi kama muuza misumari. Mkate ulikuwa mtamu vile vile, jambo lililomkera kwa muda. Kujua kama umeiva aliugonga chini kwa vidole akasikiliza. Ukilia kama mtungi mtupu, umeiva. Kumbe masikio yake yalikuwa yanajua siku zote, ni mdomo tu uliokuwa unajipendekeza.

Haikuwa rahisi kuishi naye mwanzoni. Aliota mikate. Alinuna bila sababu. Siku moja alimwambia mkewe kwamba kabichi humtazama vibaya. Mama Kaunta alimvumilia, akabadilisha mapishi, leo samaki wa kuchoma na biringanya, kesho kuku na mchicha, kesho kutwa mayai na parachichi. Akishiba vizuri mezani, tanuri halikumwita sana. Nesi naye aliendelea kununua boflo yake ya kila jioni.

"Wewe unaruhusiwa?" Mzee Boflo alimwuliza kwa uchungu.

"Mkate si sumu, mzee wangu. Mimi mwili wangu unaumudu, tena nakula vipande viwili, siyo beseni."

Wiki kwa wiki sukari ilishuka. Kidonda kikaacha kunuka, kikakauka pembeni, kikaanza kujifunga. Nesi alikisafisha, daktari alipunguza dawa tena. Mpaka siku moja daktari alifungua bandeji, akakibonyeza kidole, akasema, "Kimefunga. Hakikatwi."

Mzee Boflo alilia pale pale kitandani, mtu mzima na masharubu yake. Mama Kaunta alilia zaidi, halafu akamkumbusha avae soksi.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu. Mzee Boflo alitoka nyuma amebeba trei kubwa ya boflo za moto kwa mikono miwili, amevaa aproni yake ndefu na viatu vyake vipya vya kufunika. Mkanda alikuwa ameukaza mpaka tundu la mwisho, lakini tumbo lililokuwa likiishikilia suruali ile miaka yote halikuwapo tena kazini. Alipofika katikati ya duka, suruali ikashuka mpaka chini.

Akasimama. Kuiokoa suruali kulimaanisha kuimwaga trei. Akafikiri haraka. Mbele aproni ilimfunika vizuri, hakuna atakayeona kitu. Akajikaza, akachagua mkate.

Tatizo ni kwamba rafu ya mikate ilikuwa upande wa pili. Ili aiweke trei, ilibidi ageuke.

Kicheko kilichotoka dirishani kilimwamsha mtaa mzima. Fundi viatu alishika ukuta. Fundi cherehani alipiga kelele kwamba suruali hiyo aletewe yeye aipunguze, haraka, bure. Mama Kaunta alitaka kwenda kuipandisha akashindwa, maana alikuwa amekaa chini kwa kucheka.

Mzee Boflo aliiweka trei rafuni polepole, bila kuangusha hata mkate mmoja. Kisha akageukia watu, suruali bado imelala sakafuni.

"Mnatazama vitu vya bure nyie!" alisema. "Tazameni viatu. Humo ndani mna vidole kumi."